Ua la Sebuleni na Mbuzi wa Jirani

Shangazi,

Naishi Kitengela, pale nyumba zinapoishia na nyika inapoanza. Nina watoto wawili. Wa pili ni msichana wa mwaka mmoja na miezi minane. Wiki tatu zilizopita nikiwa kazini Nairobi, dada wa nyumba alinipigia simu akilia. Mtoto alikuwa ameng'ata jani la lile ua kubwa la sebuleni, lenye majani mapana ya mabaka meupe, nililolinunua kwa wauza miche wa kando ya barabara ya Namanga. Midomo ilikuwa imevimba, udenda unamtoka, analia na hawezi kumeza. Dada akamtia kidole kooni ili atapike. Iliposhindikana, akamnywesha maji ya chumvi, kisha maziwa. Jirani naye akaja na mkaa wa jiko aliousaga. Nilifika baada ya saa moja na nusu kwa sababu ya foleni ya magari Mlolongo, nikamkuta mtoto amelala. Asubuhi alikunywa uji wake.

Usiku uleule jirani alinitumia ujumbe unaozunguka kwenye simu, unaosema jani hilo huua mtoto kwa dakika moja na mtu mzima kwa robo saa. Tangu hapo silali. Ua nililing'oa. Halafu kwa hasira nikamwambia mtunza bustani akate na mimea ya nje, pamoja na ule mstari wa oleanda ya maua ya waridi unaozunguka ploti. Matawi tukayatupa nje ya geti, upande wa nyika. Siku mbili baadaye, mbuzi watatu wa jirani yetu, mzee wa Kimaasai ambaye mifugo yake hupita hapo, walikufa. Mzee hajasema neno. Kijana wake anayechunga hapiti tena karibu na kwetu. Mume wangu anasema mbuzi hufa kila kiangazi, nisijitafutie deni.

Shangazi, mtoto wangu aliponea chupuchupu? Nimwachishe dada kazi? Na wale mbuzi, ni mimi niliyewaua?

Mama wa Kitengela

*

Mwanangu,

Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Mtoto wako aliumia sana, lakini ujumbe aliokutumia jirani ni wa uongo. Umezunguka nchi nyingi kwa miaka mingi, na kila unapofika huja na mtoto wa rafiki ya mtu fulani aliyekufa kwa dakika moja. Mmea wako unaitwa difenbakia. Ni nadra mno kumuua mtu. Unachofanya ni kuchoma, na kwa mtoto mdogo kuchomwa huko kunatisha kiasi kwamba hata mimi ningelia.

Umewahi kumenya nduma mbichi ukawashwa mikono mpaka viwikoni? Basi umeshaonja tabia ya difenbakia. Nduma na difenbakia ni wa ukoo mmoja. Ndani ya majani na shina lake mna vifuko vidogo vilivyojaa sindano za kalsiamu oksaleti, ndogo hata jicho haliwezi kuziona. Jani likitafunwa, vifuko hupasuka na sindano huchoma ulimi, ufizi na koo. Nduma tunaichemsha kwa muda mrefu ndipo tunaila. Jani la sebuleni halikuchemshwa na mtu. Ndiyo maana maumivu huja papo hapo, na ndiyo maana mtoto huwa anatema kabla hajameza kitu cha maana. Maumivu hayo ndiyo yaliyomlinda binti yako. Ukoo huo una wengine wengi unaoweza kuwakuta katika sebule za Kitengela: monstera, filodendroni, ule mtambaazi wa majani ya umbo la moyo unaoning'inia juu ya televisheni, na maua meupe ya kala. Wote huchoma kwa namna hiyohiyo.

Hatari yenyewe iko kooni. Uvimbe ukishuka chini ya ulimi hadi kwenye njia ya hewa, mtoto anaweza kukosa pumzi. Hutokea kwa nadra, lakini lazima uangalie. Kwa hiyo siku kama ile, kwanza mtolee vipande vya jani mdomoni kwa kitambaa safi chenye maji. Mpanguse ulimi, midomo na mikono, kwa maana mkono wenye utomvu ukifika machoni utaleta msiba wa pili. Kisha mpe maji baridi au maziwa baridi kwa vijiko, taratibu, mradi anameza vizuri. Kaa naye saa kadhaa bila kumwacha. Sauti ikikwaruza, akipumua kwa mlio, ulimi ukizidi kuvimba, udenda ukizidi kwa sababu hawezi kumeza hata mate yake, usingoje tena. Mbebe uende hospitali. Na mtoto aliyevimba mdomo halazwi peke yake chumbani kwa kuwa "ametulia". Usingizi ule uliomkuta nao ulikuwa wa uchovu wa kulia, nashukuru, ila ulipaswa kuwa usingizi wa mapajani pa mtu.

Sasa hayo mengine aliyofanyiwa. Maziwa yalikuwa sawa. Kidole kooni si sawa, kwa difenbakia wala kwa mmea mwingine wowote: kilichochoma kikishuka kitachoma tena kikipanda, na mtoto anaweza kupaliwa matapishi yakaingia mapafuni. Maji ya chumvi ndiyo yaliyonitia baridi niliposoma barua yako. Chumvi nyingi katika mwili mdogo hupandisha chumvi ya damu, ikamtia mtoto degedege au kumuua. Kati ya yote yaliyomgusa mdomo mwanao siku ile, kikombe hicho kingeweza kuwa kibaya kuliko jani. Na mkaa wa jiko si ule mkaa wa hospitali. Wa hospitali umetengenezwa kwa namna ya pekee ili uwe na vitundu vingi vinavyonasa sumu. Wa jiko ni kuni zilizoungua, na mtoto anayelia akinyweshwa unga huo anaweza kuuvuta mapafuni.

Je, umwachishe dada kazi? Usithubutu. Alikupigia simu mara moja na hakukuficha kitu. Alifanya kile alichokiona kikifanywa alikokulia, kama nilivyokiona mimi nilikokulia. Wewe ndiye uliyenunua ua, na muuza miche hakukwambia lolote, nawe hukumwambia dada lolote. Keti naye jioni moja, mzunguke nyumba na ploti pamoja, umwonyeshe kila mmea na umweleze ukianguka mdomoni ni nini cha kufanya. Mwambie neno moja asilisahau: hakuna kutapisha. Na umwombe radhi kama ulimfokea.

Nikija kwenye oleanda, mwanangu, hapa ndipo hofu yangu ilipo. Umeniandikia aya nzima kuhusu difenbakia na mstari mmoja kuhusu oleanda, nami nilipofika kwenye huo mstari niliweka barua chini kwanza.

Najua kwa nini mliipanda. Udongo mweusi wa Kitengela hupasuka wakati wa jua na kuwa ulimbo wakati wa mvua. Maji ya visima virefu vya huko yana chumvi, na miche mingi ya Nairobi hufa mikononi mwenu. Oleanda haijali. Hustahimili chumvi, hustahimili ukame, na nyika nzima ikiwa rangi ya vumbi yenyewe imesimama kijani na maua ya waridi, meupe au mekundu. Mtu anayejenga ukuta wa mimea kwa haraka akiuliza kitaluni ni nini kisichokufa, ndiyo hiyo atakayopewa.

Lakini oleanda ni sumu kutoka mzizi hadi ua. Majani yake membamba, marefu, magumu kama ngozi, ambayo mara nyingi hutoka matatu matatu kwenye kifundo kimoja, yana kemikali inayoitwa oleandrini. Hiyo hufanya kazi moyoni kwa njia ileile ya digoksini, dawa ambayo baadhi ya wazee wetu hupewa kwa ugonjwa wa moyo na kuonywa wasizidishe hata kidonge. Kila seli ya moyo ina pampu ya kutoa sodiamu na kuingiza potasiamu, na mapigo hutegemea kazi hiyo. Sumu ya oleanda huikwamisha pampu hiyo. Moyo hupunguza mwendo, huruka mapigo, hupotea njia. Potasiamu hupanda kwenye damu. Kukausha majani hakuondoi sumu, wala kuyachemsha. Hata maji ya chombo ulichowekea maua yake hayafai kunywewa na mtoto wala paka. Vijiti vyake si kuni za kupikia wala vya kuchomea mishikaki, na hili mwambie mtunza bustani kabla hajabeba mzigo kwake.

Aliyeila huanza kwa kutapika, tumbo kumsokota, kuharisha, kizunguzungu, ulegevu. Wengine huona vitu kwa rangi ya manjano au vikiwa na duara la mwanga. Halafu ndipo moyo. Na hapa ndipo watu hukosea, kwa maana dalili za moyo zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Difenbakia hupiga kelele mara moja, kisha inatulia. Oleanda huweza kukunyamazia mchana kutwa. Mtoto akila jani la oleanda, hata akiwa anacheka na kurusha mpira, anapelekwa hospitali. Hakuna kungoja tuone.

Hospitalini watambandika nyaya kifuani waone mwendo wa umeme wa moyo, watampima potasiamu ya damu, na akiwahi wataweza kumpa ule mkaa wao. Moyo ukipiga polepole mno wana atropini ya kuuchapusha. Ipo pia dawa inayoifuata sumu yenyewe, kingamwili zinazoinasa digoksini na binamu zake katika damu. Madaktari wa Sri Lanka, ambako mmea wa jamii hii umewaletea wagonjwa wengi, walionyesha katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kwamba kingamwili hizo hurudisha mapigo sawa. Ni ghali mno, na huwezi kutegemea kuikuta kila hospitali. Ndiyo sababu nasisitiza kuwahi, ili kama kuna kuhamishiwa kwingine mhamishwe mapema, mtoto akiwa bado na nguvu.

Kwenu karibu kabisa ni Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Kitengela. Kusini, mjini Kajiado, iko hospitali ya rufaa ya kaunti, na Nairobi iko Kenyatta. Namba za dharura ni 999 au 112, na Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Ziandike kwa kalamu nene ukutani jikoni, si kwenye simu yako unayoondoka nayo kwenda kazini. Kama gari la jirani liko tayari na mtoto anapumua, ondokeni. Mmeshaijua barabara ya Mlolongo ikifunga.

Na mbebe mmea. Nakueleza kwa nini ninalitilia mkazo. Miaka mingi iliyopita mtoto wa dada yangu alitafuna kitu bustanini kwa wenyeji wetu, akaanza kutapika. Tulikimbia naye zahanati moja, na swali la kwanza la muuguzi lilikuwa: amekula nini? Tukatazamana. Mmoja akasema ni jani la kijani. Mwingine akasema lilikuwa na ua jeupe, au la manjano. Ilibidi kijana apande bodaboda arudi alikotoka, avunje matawi matano ya mimea mitano, arudi nayo ndani ya kikapu. Mtoto alipona, lakini muda ule wa kumngoja kijana bado naukumbuka. Vunja tawi lenye majani, na ua au tunda kama lipo, ulifunge kwenye gazeti, ukumbuke ilikuwa saa ngapi. Piga na picha, ila tawi ni bora.

Mkiwa mnazunguka ploti na dada, mtakutana na mingine. Ile ndefu ya maua ya manjano ya umbo la kengele, ambayo wauza miche huiita thevetia, ni ndugu wa oleanda, na ndiyo hiyo niliyosema ya Sri Lanka. Matunda yake ya kijani yana kokwa gumu linalowavutia watoto kuchezea. Ichukulie kama oleanda kwa kila jambo. Waridi la jangwani, lile la shina nono linalopandwa kwenye vyungu, lina sumu ya aina hiyohiyo ya moyo. Mnyaa, ule wa vijiti vya kijani visivyo na majani, hutoa maziwa yanayounguza jicho vibaya. Yakiingia, osha jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 bila kukatisha, kisha nenda kwa daktari wa macho. Mtunza bustani asiukate bila miwani na glavu, na glavu hizo umnunulie wewe. Mbegu za mbarika zenye madoa, zinazoota zenyewe kando ya mitaro, watoto huzifanya shanga. Akizitafuna ni hospitali.

Maua ya tarumbeta, yale makubwa yanayoning'inia yakinukia usiku, ni jamaa wa mnanaha unaoota majalalani. Sumu yao ni nyingine kabisa: mdomo hukauka, mboni za macho hupanuka, uso huwa mwekundu, mwili hupata joto, mtu huweweseka na kuongea na wasiokuwapo. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, takribani watu 300 waliugua na 5 wakafa baada ya kula unga wa lishe wa msaada uliokuwa umechanganyika na mbegu za mnanaha. Gugu lilikuwa limeota katikati ya mazao, likavunwa pamoja nayo. Wale walikuwa wamekula chakula walichopewa kwa nia njema.

Mwanangu, sikutajii haya ili ung'oe kila kitu ubaki na saruji. Watu wa nchi hii wameishi na sumu tangu zamani. Jirani yako mzee anaujua olmorijoi, mti ambao sumu yake ilipakwa kwenye mishale, na sumu hiyo, ukitaka kujua, hukwamisha moyo kwa njia ileile ya oleanda. Anaujua ulipo na anajua mtoto asichokoze tawi lake. Mtoto wa nyikani huonyeshwa mtunguja na matunda yake ya manjano yanayofanana na nyanya akiwa bado anajifunza kutembea, akaambiwa hiki hakiliwi. Kila sumu ya hapo ina jina, na jina lina onyo ndani yake. Oleanda imekuja ndani ya chungu cha plastiki, bila jina ambalo mtu angemwonya nalo mwanawe.

Na mbuzi nao hawakuonywa na mtu. Sasa nijibu swali lako la tatu, lile uliloliandika mwisho kwa herufi ndogo.

Siwezi kuapa, kwa sababu mizoga hiyo haikupasuliwa. Daktari wa mifugo akipasua tumbo la mbuzi mapema huweza kuyakuta yale majani magumu yangali yanatambulika. Lakini fuata mambo yalivyopangana. Oleanda mbichi ni chungu, na mnyama mwenye chaguo huiacha. Ikishakatwa na kunyauka siku moja mbili, wanyama huikubali zaidi, na sumu yote iko palepale. Mliikata, mkairundika njiani mwa mifugo, kiangazi, mahali ambapo hapakuwa na kitu kingine cha kijani. Siku mbili baadaye mbuzi watatu wanakufa kwa mpigo. Mbuzi wa njaa hafi hivyo. Njaa humkondesha wiki nyingi, na ukame ule mkubwa wa mwaka 2020 hadi 2023 uliwafundisha watu wa Kajiado kuitambua sura yake. Mbuzi wa oleanda huweza kukutwa amekufa akiwa na mwili mzuri, au huzubaa, hujaa tumbo, huharisha, miguu hupoa, moyo hupiga ovyo, akaanguka. Kama mzee aliwaona wakiwa na dalili hizo, ameshaelewa kabla yako. Usidhani kunyamaza kwake ni kutojua.

Kwa hiyo ninaamini ni matawi yenu. Hukukusudia, nami najua ulikuwa na mtoto aliyevimba mdomo kichwani mwako. Bado mbuzi ni watatu, na ni wa mtu.

Mume wako anaogopa deni. Mwambie Shangazi anamheshimu na anampinga. Nyika hiyo mnayoiita nje ya geti haikuwa nje ya kitu chochote hadi juzi. Ranchi ya jamii ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, vipande vikauzwa, vikauzwa tena, na katika sensa ya mwaka 2019 mji ulikuwa na watu zaidi ya 150,000. Kila ploti ilileta fensi yake. Njia za ng'ombe na mbuzi zimebaki nyembamba kama uzi, na uzi mmoja unapita getini kwako. Unapotupa takataka hapo, unazitupa mezani pa mtu.

Kabla ya yote, leo hii kama matawi bado yako pale, yakusanye mpaka jani la mwisho. Glavu na reki. Usiyachome, moshi wake nao si wa kuvutwa. Chimba shimo refu ndani ya ploti yako uyafukie, mbali na kisima. Kisha ung'oe mstari wote wa oleanda na mizizi yake, kwa sababu mtoto wako bado ana miaka mingi ya kuweka vitu mdomoni na mbuzi wana shingo ndefu. Mahali pake panda kayaba. Najua ina miiba na huchukua muda kuinuka, lakini hustahimili jua na chumvi ya maji yenu, mwizi haipiti, na matunda yake huliwa. Difenbakia ungeweza hata kuibakiza juu ya kabati mpaka mtoto akue. Uliyaanza kwa kinyume.

Muulize mzee pia kama nyama ya mbuzi wale ililiwa au walipewa mbwa. Nyamafu ya mnyama aliyekufa kwa sumu haiguswi. Kama kuna mbuzi wengine waliozubaa, mpigieni daktari wa mifugo wa kaunti, na gharama iwe yenu. Wasikimbizwe, wasiswagwe umbali mrefu, kwa maana moyo uliolemewa hauhitaji mbio.

Nenda kwake asubuhi, kabla mifugo haijatoka bomani, wewe na mume wako. Ikiwa hamjazoeana, tangulieni kwa mzee wa nyumba kumi awasindikize. Usitume dada, usitume pesa kwa simu. Keti ukipewa kiti, kunywa chai ukipewa chai. Mweleze kwa maneno mepesi ulichokata, ulikokitupa, na kwamba hukujua. Halafu muulize thamani ya mbuzi wake na usishindane naye bei. Akikubali malipo kwa awamu, lipa kwa awamu. Akitaka mbuzi kwa mbuzi, nendeni wote mnadani akachague mwenyewe, kwa sababu jicho lake linajua na lako halijui.

Na ubebe tawi moja la oleanda limefungwa kwenye gazeti. Si la mzee. Ni la yule kijana wake anayewazungusha mbuzi mbali na geti lako tangu siku ile. Mwite, mfungulie gazeti, muonyeshe majani yanavyotoka matatu matatu na ule mshipa mweupe katikati. Mtajie mitaa yote ya Kitengela uliyoiona imepandwa mmea huo kwenye fensi, moja baada ya nyingine, ajue ni wapi asiwaachie mbuzi wasimame. Kisha mwombe akutajie yeye iliyo huko nyikani, wewe ukiwa na binti yako mgongoni.

Shangazi